Vichaka vya Kilima Kilichokataa Mahindi

Nakumbuka tulipokuwa wadogo kule Mbozi, kilima cha nyuma ya nyumba yetu kilikuwa cha mama zaidi ya cha baba. Baba alikuwa na kahawa yake bondeni. Kilimani hapakuwa na kitu ila mawe ya kijani yanayoteleza kama sabuni, na vichaka vifupi vya majani magumu vilivyotuchana miguu mpaka tukazoea.

Msimu mmoja baba alijaribu mahindi huko. Yakafika magotini, yakageuka manjano, yakaishia hapo. Majirani waliopita kwenda ibadani walimcheka wee, naye akarudi kwenye kahawa yake. Vichaka tukaachiwa sisi wasichana, tukate kuni. Zilikuwa nyembamba, lakini zikiwaka, maharage yaliiva bila moshi kutuumiza macho. Mama alikuwa mkali: kila kichaka tawi moja tu. "Mwanangu, hicho unachokikata nilikikuta nilipoolewa," alisema, "na mpaka leo kinanifika kiunoni." Tukirudi na mzigo mnene kupita kiasi, tulijua fimbo inatungoja. Wajukuu zangu leo wakiwasha gesi mara mbili wanasema wamechoka.

Nilipostaafu ualimu Tunduma nikarudi nyumbani, nikakuta kila mtu anazungumzia parachichi. Nikaona kilima kimekaa bure. Nikaajiri vijana kutoka Mlowo, wakang'oa vichaka vyote na mizizi yake, wakapanda miche ya parachichi. Baba alikwishafariki, lakini sisemi sikukumbuka mahindi yake. Nilikumbuka, nikajiambia siku hizi kuna mbolea. Miche ikawa njano mwaka uleule. Bwana shamba akaja, akaokota jiwe, akasema udongo wa mawe haya hauna chakula cha mazao, na vichaka vile ndivyo pekee vilivyokuwa vimeuzoea. Nikamuuliza vitarudi lini.

"Mwalimu," akasema, "labda wajukuu wa wajukuu zako wataviona."

Mama yupo, ila macho yake hayaoni mbali. Juzi aliniuliza mbona hatumletei tena kuni za kilimani, hizi za kununua zina moshi. Nikamwambia vijana wa siku hizi wavivu. Nina mvi kichwa kizima, nimemdanganya mama yangu.

Enzi zile tulichoka kwa kubeba, na tukilala tulilala kweli. Sasa nimechoka tu. Mvua ikinyesha, udongo wa kilima unashuka mpaka mlangoni kwa mama, nami nachukua koleo nikauondoe kabla hajaamka na kuukanyaga.