Jembe Jipya la Mzee Fransisko

Getruda alikuwa ameshapanda basi la kurudi kwao Tunduru, gauni la harusi kalikunja ndani ya mfuko wa rambo. Harusi yenyewe na Otto ilikuwa ifanyike Jumamosi iliyofuata.

Hilda alisimama chini ya dirisha, anatafuna karanga.

"Safari njema, bibi harusi!"

Getruda akavuta kioo.

Nilikuwa mpangaji kwa mzee Fransisko, baba yake Hilda, pale mtaa wa Msamala, ndiyo maana nayajua haya.

Otto alikuwa na Hilda miaka minne, akamwacha kwa meseji. Haukupita muda, kanisani ikatangazwa ndoa yake na Getruda. Padri akasema kama kawaida: mwenye kujua kizuizi, aje aseme.

Hilda akaenda.

"Baba Paroko, Otto ni mume wangu kimila. Baba alishapokea jembe la mahari."

Kwetu jembe likipokelewa, binti kaolewa. Ila huo ulikuwa uongo mtupu. Otto hakuwahi kuleta hata mpini!

"Baba atakana, yataisha," aliniambia akicheka. "Ila harusi itakuwa imeshaharibika."

Na Remmy wa bodaboda alikuwa anajiandaa kuleta posa. Hilda alimpenda Remmy, tena sana.

Mchana wa siku ile ya basi, paroko akawaita Otto, Hilda na baba yake. Nikamsindikiza mzee Fransisko, kabeba gunia.

Weee! Mzee akachomoa jembe.

"Nilipokea. Hili hapa."

Lina karatasi ya dukani bado.

Hilda akaruka. "Baba! Nilidanganya mimi!"

"Nyamaza! Miaka yote minne mko bila ndoa, wananicheka mpaka mtaa wa Lizaboni. Umesema mwenyewe mbele ya padri."

Wote tukamgeukia Otto. Akikana tu, Hilda yuko huru.

Otto akatabasamu. "Shikamoo, baba mkwe. Ni kweli, nilitoa. Namtaka mke wangu."

Kule nje akamnong'oneza Hilda: "Umeniharibia harusi, nami nakuharibia ya Remmy. Ukikataa, sawa. Kesho namfuata Getruda Tunduru."

Hilda angekataa, yangeisha, ila Getruda angeolewa.

Alikubali. Altareni alisema ndiyo kwa sauti kama mtu anayetukana.

Remmy alioa Mbinga. Getruda anauza korosho, hana habari na mtu. Mzee Fransisko amefariki. Jembe analilimia Hilda. Yeye na Otto wako Mshangano, nyumba moja, majiko mawili. Kila mmoja anangoja mwenzake atangulie kuondoka. Nilipita juzi, wote wapo.

Mtu akikuacha, mpishe mlangoni. Ukimfungia, nawe umo ndani.