Sampuli Themanini

Ukiishi mtaa wa Pipeline, ghorofa ya tano, jua si kitu cha kawaida. Majengo yamekaribiana kiasi kwamba jirani wa ng'ambo akifungua dirisha najua amepika nini na kama kimeungua. Jua hufika kwangu dakika chache saa sita mchana, likachungulia, likaenda zake. Nguo tunaanika juu ya paa kwa zamu, na nimeshuhudia wanawake wawili wa kanisa moja wakinuniana mwaka mzima kwa sababu ya kamba. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani kosa nililofanya lilitokana na ujinga. Lilitokana na malezi.

Wakati huo nilikuwa kibarua katika godauni moja kando ya Mukuru kwa Njenga. Kazi yetu ilikuwa udongo. Kampuni moja ndogo ilikuwa ikitafuta zinki kaskazini, mwendo wa siku mbili kwa lori, mahali penye mawe, ngamia na upepo, basi. Udongo ulichotwa huko kidogo kidogo, ukatiwa katika mifuko ya kitambaa yenye namba, ukaletwa kwetu. Mimi niliukausha, nikauponda, nikauchekecha ukawa laini kama unga wa uji, kisha ukapelekwa maabara.

Aliyetuongoza alikuwa mjiolojia mzee kutoka Kakamega. Kwa miaka mingi aliamini kuwa chini ya kilima fulani huko kaskazini kuna zinki. Alikuwa ameokota hapo jiwe la rangi ya kutu, akaliweka mezani, na kila aliyeingia godauni ilibidi alishike kwanza.

"Hii kutu ni kofia tu, mama," aliniambia. "Kichwa chenyewe kiko chini."

Alinieleza kwamba madini hayajifichi kabisa. Miaka nenda miaka rudi chembe zake hupanda mpaka kwenye udongo wa juu, ndiyo maana tunapima udongo kwanza badala ya kutoboa ardhi ovyo. Kutoboa ni ghali. Wenye kampuni walikuwa wamesema wataleta mashine ya kutoboa iwapo tu udongo utaonyesha zinki. Ukionyesha, mimi ningeandikwa kazi ya kudumu. Usipoonyesha, godauni lingefungwa. Mzee mwenyewe alisema amebakiza kilima hicho kimoja tu kabla ya kustaafu.

Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha mabati huko Industrial Area. Nilipomweleza kazi yetu, hakucheka hata kidogo.

"Yaani mnaenda siku mbili kusaka zinki," akasema, "na mimi nachovya mabati ndani yake hapa kila siku? Unadhani hizo mabati zinang'aa na nini, mate?"

Nikamwambia yetu ni ya ardhini. Nikaona nimemjibu vizuri.

Lori la mwisho, lenye udongo wa kilima cha mzee, lilinyeshewa njiani, na turubai lake lilikuwa na matundu. Mifuko themanini ilifika ikichuruzika maji. Mzee alikuwa amekwenda Kakamega kumzika dada yake, na maabara ilitungoja Ijumaa. Nilitandaza uani turubai lililokuwapo, likatosha sampuli arobaini za kwanza. Nikaziangalia arobaini zilizobaki. Nikaliangalia jua la Mukuru, jua zima, halina ghorofa mbele yake. Kisha nikayaona mabati mapya yaliyonunuliwa kwa ajili ya paa la stoo, yameegemezwa ukutani, safi, yameshapata moto.

Kwetu kila kitu huanikwa juu ya mabati: omena, mahindi, viatu vya shule. Niliyalaza chini nikamwaga udongo ule mbichi mafungu mafungu, kila fungu na namba yake. Kila baada ya muda niliugeuza kwa mwiko wa fundi, nikikwangua sana usibaki hata punje. Kufikia saa kumi ulikuwa umekauka. Niliandika yote katika daftari langu, maana mimi ni mtu wa utaratibu. Kesho yake fundi akaja, akayapandisha mabati juu ya stoo.

Mzee aliporudi aliuliza nimewezaje kukausha zote.

"Jua, mzee."

"Huyu ana akili ya kazi," akawaambia vibarua wengine, na akaninunulia soda.

Majibu ya maabara yalikuja baada ya wiki tatu. Mzee alianza kuyasoma akiwa amesimama, akamalizia akiwa ameketi. Sampuli arobaini za kwanza hazikuwa na kitu. Zilizofuata zilijaa zinki. Alizitia alama nyekundu kwenye ramani, na ile nyekundu ikafunika upande mmoja wa kilima, imenyooka vizuri. Akavua miwani akapangusa macho. Akasema mashine itakuja. Akasema nitaandikwa. Mimi nilikuwa nikitazama pale nyekundu ilipoanzia, namba arobaini na moja. Kisha nikalitazama paa la stoo.

Sitajitetea. Nilinyamaza siku mbili. Jumapili nilikwenda kanisani nikaimba sauti ya pili bila kukosea. Niliporudi nilikutana na jirani kwenye ngazi, akaniuliza, "Niaje, mmeipata?" Nikasema tumeipata. Alifurahi kwelikweli, na hapo ndipo aibu ilinishika.

Jumatatu nililiweka daftari mbele ya mzee.

"Hizi nyekundu zote ndizo nilizoanika kwenye mabati."

Alitoka nje akaliangalia paa kwa muda mrefu. Aliporudi aliuchukua mwiko wangu, akaugeuza, akaurudisha mahali pake.

"Udongo ulikuwa mbichi?"

"Mbichi."

"Ukakwangua."

"Sana, mzee."

Aliwapigia simu wenye kampuni asubuhi ileile. Tulikwenda kaskazini pamoja, tukachota udongo upya kwenye sehemu zilezile arobaini. Nikakiona kilima chenyewe. Ni kidogo. Tuliurudisha udongo, nikauanika juu ya turubai, na safari hii maabara haikuona kitu.

Siku ya kufunga godauni alinipa kurasa za ripoti nizibane kwa stepla. Nikasoma mahali palipoandikwa kuwa sampuli za awali ziliharibika kwa kuanikwa juu ya mabati, kwa maagizo ya mwenye sahihi iliyo hapa chini. Chini palikuwa na sahihi yake.

"Mzee, siku hiyo ulikuwa matangani."

"Najua nilikokuwa."

"Sasa mbona umeandika hivi?"

"Wewe bado utatafuta kazi, mama. Mimi nimemaliza."

Nilizibana zile kurasa, stepla ikipinda kila mara kwa sababu nilikuwa nalia. Yeye alilichukua jiwe lake la kutu mezani akasimama nalo mlangoni, hajui atalibeba vipi. Nikamtafutia mfuko wa kitambaa, na kabla ya kumpa nikauandikia namba themanini na moja.