Mkanda Umeenda Wapi?

Juzi nilipita karakana moja hapa Kitengela, nikanusa vumbi la mbao za saiprasi, nikamkumbuka baba.

Alasiri moja nikiwa mdogo, aliwasha mashine yake ya kupigia mbao msasa, akashika skrubu ya kurudisha mkanda wa msasa katikati unapohama.

"Mami, mkanda umeenda wapi?" akaniuliza.

"Kushoto."

Akakaza kidogo. "Na sasa?"

Nilidhani ananipima, kama mwalimu. Kwa utundu nikasema, "Uko katikati," na huku ulikuwa unazidi kuhama. Ukasugua chuma, ukalia, ukapasuka.

Hakunigombeza. Alizima mashine, akapapasa kingo zilizochanika, kisha akautafuta mlango kwa mkono. Nilicheka, nikidhani naye anacheza.

Sasa najua macho yalikuwa yanamwishia, na hakuwa amemwambia mtu. Aliniuliza mimi tu.