Fundo la Dada Faida

Enzi zetu pale Gungu, Kigoma, mtoto yeyote mwenye akili timamu alijua kwamba mtu mweusi sana akishika barafu, inayeyuka kabla hajamaliza kusema bismillahi. Hatukuwa tunabahatisha. Wakubwa wa darasa la saba walishatueleza sababu: ngozi nyeusi inakunywa jua tangu asubuhi, inalihifadhi, halafu inalitoa kidogo kidogo kama jiwe la jikoni. Niliamini kwa moyo wangu wote. Na kwa kuwa mimi mwenyewe ni mweusi kiasi cha kubaki meno tu kwenye picha, barafu yangu nilikuwa naishika kwa jani la mgomba. Binamu yangu Zuberi, mweupe kidogo, alijitolea kunishikia. Alikuwa ananishikia kwa mdomo.

Wa rika langu mnazikumbuka barafu zenyewe. Siyo hizi za vikopo ambazo vijana wanazipiga picha mpaka zinageuka uji. Zetu zilikuwa vifuko vyembamba vya nailoni, ubuyu ndani, zimeganda kama fimbo ya mwalimu. Unang'ata fundo, unafyonza mpaka mashavu yanakutana. Ulimi unabaki mwekundu siku mbili tatu, na mama akitaka kujua nani kapita dukani hana haja ya kuuliza, anasema tu, "Toeni ndimi." Duka la maana lilikuwa moja, Ujiji kwa Mzee Sudi, mwenye jokofu refu la kulala ambalo tuliapa kwamba linaweza kumeza ng'ombe na pembe zake. Kutoka Gungu tulikwenda kwa miguu, tena tukiimba. Leo kijana ukimtuma duka la jirani anaita bodaboda.

Kwa Mzee Sudi walifanya kazi dada wawili. Salma, ambaye babu yake alikuwa Mwarabu, ndiye aliyesimama kwenye jokofu na kuhudumia wateja. Nywele zake zilifika kiunoni. Kwa masimulizi yetu zilifika mpaka ufukwe wa Kibirizi. Wa pili alikuwa Faida, ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka ng'ambo ya Kongo, mweusi wa kung'aa. Yeye alikaa uani, akachemsha ubuyu, akachuja, akamimina kwenye vifuko na kufunga. Wateja tulisikia sauti yake tu, akicheka huko nyuma kama redio iliyosahauliwa.

Sasa ikaja sikukuu ya Idi. Wacha niwaambie, Idi ya Ujiji ile, hata samaki walitoka ziwani kuja kutazama. Mama yangu, muuza mafuta ya mawese ambaye sauti yake ilitosha soko zima, alitushonea watoto wote nguo za kitambaa kimoja, tukawa kama mapazia ya nyumba moja yanayotembea. Tulipofika kwa Mzee Sudi foleni ilikuwa imezunguka duka, watoto tunarukaruka, Salma jasho linamtiririka. Faida akaona mwenzake anazidiwa. Akatoka uani, akafuta mikono kwenye kanga, akaingiza mkono kwenye jokofu.

"Wee, toa hiyo mikono," Salma akasema, kwa sauti ya kusikiwa na watu wote. "Unataka ziyeyuke zote? Mkaa unawekwa jikoni, hauwekwi kwenye barafu."

Foleni ikacheka. Sisi watoto tulicheka kuliko wote, maana kwetu hiyo ilikuwa sayansi.

"Foleni imefika msikitini, Salma," Faida akasema. "Tuuze kwanza. Utanitukana tukishafunga duka."

"Situkani, nasema kweli. Waulize wenyewe kama wanataka kitu kilichoshikwa na wewe."

Watu wakaanza kutazama viatu vyao vipya.

Mzee Sudi akatoka ndani, tasbihi mkononi. Salma akamwambia, "Mzee, chagua. Huyu akisimama hapa mbele, mimi naondoka sasa hivi." Mzee akaitazama foleni, akatazama jokofu, akamtazama Faida. "Mwanangu," akasema taratibu, "leo nenda kapumzike nyumbani. Baada ya sikukuu tutaona."

Ujiji nzima ilijua maana ya "tutaona" ya Mzee Sudi. Kuna watu aliwaambia "tutaona" kabla sijazaliwa, na mpaka leo hawajaona kitu. Faida alijua pia. Kicheko chake cha uani hakikuwepo. Akaanza kuifungua ile kanga aliyojifunga kiunoni, polepole, kama mtu asiyejua aiweke wapi.

Hapo ndipo mama yangu alipotoka kwenye foleni. Hakuomba njia. Akafika kwenye jokofu, akachukua barafu moja, akaigeuza kwenye mwanga.

Lazima niwaeleze: kila mfungaji wa barafu alikuwa na fundo lake. Wengine walizungusha nailoni wakakaza tu. Faida alikuwa anakunja shingo ya kifuko mara mbili ndipo anafunga, fundo dogo gumu, ukilivunja kwa meno unasikia "tak". Meno yetu yalilifahamu lile fundo kuliko sura za wajomba zetu.

"Shikamoo, Mzee Sudi," mama akasema. "Salma, mwanangu, fundo hili la nani?"

Salma akaanza kufuta mfuniko wa jokofu.

"Langu, mama," Faida akajibu.

Mama akachukua nyingine. "Na hili?"

"Langu."

Akaingiza mkono mpaka chini kabisa ya jokofu, akachomoa nyingine iliyoota theluji. "Hii ya huku kuzimu?"

"Zote, mama. Mimi ndiye ninayefunga."

"Basi," mama akawageukia watu, "tumeshakula mikono ya binti huyu miaka yote, na hakuna aliyekufa. Anayeona kinyaa arudi kwao, foleni ipungue. Mimi nataka zangu, na anihudumie Faida."

Foleni ikalipuka. Mwanamume mmoja wa nyuma akasema, "Na mimi Faida," halafu mwingine, halafu watoto wote tukaanza kuimba jina lake, sisi sisi tuliokuwa tunamcheka. Mzee Sudi akakohoa. "Faida, kaa hapo mbele," akasema, safari hii bila "tutaona". Salma hakuondoka. Walihudumia pamoja mpaka jokofu likabaki na harufu tu, viwiko vikigongana.

Mnadhani nilielimika? Wapi. Nilitengeneza nadharia mpya: mkono mweusi hauna madhara ubuyu ukiwa maji, balaa linaanza ukishaganda. Nikakua nayo, nikaoa nayo, nikasoma shule ya usiku mpaka nikapata cheti, nayo imekaa tu pale, haijaulizwa.

Siku hizi kila nyumba ina friji, na simu zinang'arisha nyuso mpaka mtu hamtambui mwanawe. Juzi niliingia duka moja la juisi Kigoma mjini. Kijana wa kaunta akamwambia mwenzake, "Wewe kaa nyuma, weusi huo unatisha wateja." Dukani tulijaa, na wote waliinamia simu. Nikasema, "Naomba anihudumie huyo uliyemficha." Hakuna aliyelipuka wala kuimba. Nilipewa juisi yangu, nikaondoka nikiikumbuka ile foleni.

Nikaenda moja kwa moja Ujiji kwa Bi Faida, mtu mzima sasa, duka ni lake. Nikamsimulia ya mjini, akatikisa kichwa. Kisha nikamsimulia nadharia yangu yote, na ushahidi: barafu alizonitolea yeye kwenye jokofu kwa mkono wake hazikuwahi kufika Gungu zikiwa ngumu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ulikuwa unazibeba kwa miguu?" akauliza.

"Kwa miguu, Bi Faida."

"Mchana?"

"Mchana."

"Basi ni jua, baba," akasema. "Barafu inayeyushwa na jua."