Sufuria ya Shangazi Iliyokuwa Ikipungua

Shangazi yangu aliuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, karibu na stendi ya Kitale. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili sufuria yake kubwa ilitoboka, akaamua kutengenezewa nyingine Bungoma, kwa mafundi wa jua kali wanaoyeyusha vyuma. Desturi ni kwenda na vyuma vyako mwenyewe. Ukimwachia fundi achague, utapewa sufuria nyepesi, na kwetu sufuria nyepesi ni aibu.

Kwa hiyo ukoo ulichanga. Kulikuja birika lisilo na mkono, pistoni ya trekta kutoka Kabuchai, na mjomba mmoja akaleta vibao vya risasi alivyochomoa kwenye betri ya lori. "Hii ndiyo italeta uzito," alisema. Mimi, mwenye digrii ya fasihi, nilichanga kijiko na hotuba fupi.

Vyote viliyeyuka vikawa kitu kimoja, cheupe kama maziwa, kikitetemeka. Fundi alipokimimina kwenye mchanga, hata mjomba, ambaye hunyamaza kwa nadra, alivua kofia.

Shangazi alilainisha mahindi kwa munyu, yaani maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe, kama mama yake. Tukaona ajabu nyingine: sufuria ilizidi kung'aa ndani bila kusuguliwa. Wateja walikuwa wakichungulia na kusema, "Huyu mama ni msafi, bana."

Mke wangu, mwalimu wa kemia, alikuwa na mimba yetu ya kwanza. Kila chakula alikitapika isipokuwa githeri ile, kwa hiyo tulikula pale kila mchana.

Siku moja Shangazi aliinua sufuria tupu kwa mkono mmoja. "Siku hizi niko na nguvu," alisema. "Si hii tulikuwa tunabeba watu wawili?"

Tulicheka. Mke wangu hakucheka. Aliweka kijiko chini, akapitisha kidole kwenye kitako cha sufuria.

"Shangazi, imekuwa nyembamba."

"Ni kuzeeka, mke wetu. Hata mimi ninazeeka."

"Sasa hicho chuma kimeenda wapi?"

 Akatueleza taratibu: munyu hula chuma cha alumini, ndiyo maana sufuria inang'aa. Chuma kikiliwa, risasi ya mjomba nayo inaingia kwenye chakula, na risasi huharibu ubongo wa mtoto hata akiwa bado tumboni. Mimi nilistaajabu kwanza. Hofu hunifikia imechelewa. Betri nzima ya lori ilikuwa ikitembea Kitale, kijiko kwa kijiko, ndani ya makondakta, wauza mitumba, na mke wangu.

Kesho yake Shangazi hakuwasha moto. Alisimama kibandani akamwambia kila mteja aliyefika: sufuria yangu ni mbaya, imewalisha sumu, wenye mimba na wenye watoto waende hospitali waseme hivyo.

"Mathe, si utuuzie sisi wanaume tu?" kondakta mmoja alimtania. "Tumbo zetu ni za chuma."

"Ndiyo hiyo nakwambia," alijibu. "Sasa ni za chuma."

Alisimama hivyo mpaka jioni, akijiharibia jina kwa sauti yake mwenyewe. Nimesikia wahadhiri wengi wakisema ukweli, lakini mshahara wao ulikuwa salama.

Hospitalini hapakuwa na mashine ya kupima risasi kwenye damu. Daktari alisema mke wangu anywe maziwa, ale mboga, tungoje.

Mvulana alizaliwa mzima, mwenye kelele. "Risasi haionekani hapo," mke wangu alisema. "Tutajua akianza kusema."

Basi kila Jumapili Shangazi alikuja kutoka kwake Kiminini, akamweka mtoto magotini, akamwambia habari za mvua, za shamba, za majirani. Kisha alingoja, akimwangalia mdomo.

Jumapili moja ya mwaka wa pili, kuku mmoja alipoingia sebuleni, mtoto alimwelekezea kidole. "Toka," akasema.

Shangazi alishika mkono wa kiti.

"Rudia," alimwomba.