Siku Nilipoziombea Spika za Mama Furaha

Mungu wetu na ahimidiwe, yeye aliyeniamsha asubuhi ya leo nikiwa na pumzi ya kuimba na aibu ya kutosha kuwasimulia ndugu zangu. Namshukuru kwa mke, kwa watoto, kwa vilima vya Kagarama ninavyovipanda taratibu, na namshukuru hata kwa siku ile ya tamasha kule Kimihurura, ingawa shukrani hiyo ilichelewa kufika (ilichukua kama wiki tatu hivi).

Niseme mapema: nilijiaibisha. Tena si chumbani kwangu, bali jukwaani, mbele ya ukumbi uliojaa watu waliovaa vizuri, nikiwa nimefumba macho na kumwita Mungu awe shahidi. Alikuwa shahidi kweli.

Kwaya yetu ni ya mtaa, si ya kanisa moja. Wakatoliki wamo, Waadventista wamo (ndiyo maana hatufanyi mazoezi Jumamosi), Waanglikana wamo, na sisi Walutheri wachache tuliozaliwa ukimbizini Karagwe tukarudi na nyimbo zetu za Kiswahili. Tunaimba kila kitu: Kinyarwanda cha makofi, Kifaransa, Kiganda chenye ngoma, na hata Kilatini, ambacho mimi, mwinjilisti mstaafu, nilikiimba mwaka mzima kabla sijauliza maana yake. Mimi ni besi, sauti ya nne, na besi ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote baada ya kuhubiri. Mke wangu husema hata kabla ya kuhubiri.

Sasa, masikio yangu yalianza kuniaga polepole, na mimi sikumwambia mtu, kwa sababu nilikuwa nimeona yaliyompata Mzee Silasi. Silasi alikuwa besi mwenzangu, macho yakamshinda, akawa anaimba ubeti wa tatu wenzake wakiwa wa kwanza, basi kwaya ikampa cheo cha mlezi. Cheo kizuri mno. Mlezi anakaa kiti cha mbele, anapewa soda, anatambulishwa kwa makofi, na haimbi tena. Nilikuwa tayari kufanya lolote nisiwe mlezi.

Binti yangu Joyce, ambaye hadanganyiki, alininunulia kimashine cha kusikia, kidogo kama haragwe, kinakaa nyuma ya sikio na kijibomba chake kinaingia ndani. Muuguzi alinipa maelezo marefu, na naamini yalikuwa mazuri, maana alitabasamu na kuchezesha mikono. Ila alinipa kabla hajakiwasha. Nikaitikia yote kwa kichwa. Nikaenda nacho nyumbani, nikakiweka mfukoni, na mazoezini sikukivaa hata siku moja.

Siku ya tamasha ikafika. Mwalimu wetu wa kwaya, Claudine, mwalimu wa hesabu asiyependa mzaha, alituambia kila wimbo ungerekodiwa palepale ukumbini, kwa hiyo atakayeingia vibaya ataingia vibaya milele. Neno "milele" lilinichoma. Nikaenda chooni, nikakivaa. Halafu nikajitazama kwenye kioo, nikaona kinaonekana, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo uliozaa mengine yote: nitakifunika kwa kiganja.

Tulipokuwa tunapasha sauti nyuma ya jukwaa, Ezra, besi anayesimama kulia kwangu, fundi cherehani wa Kabuga asiyenyamaza, akanitazama.

"Muzehe, sikio linauma?"

"Haliumi. Hivi ndivyo walivyoimba wazee wetu kule Karagwe. Ukiziba sikio, sauti inarudi ndani, inakomaa."

(Mungu anisamehe. Wazee wa Karagwe hawakuziba kitu chochote.)

Ezra akaweka kiganja sikioni, akanguruma kidogo. "Yewe! Kumbe kweli, inakomaa!"

Dakika tano baadaye besi wote sita tulikuwa tumeshika masikio, na hivyo ndivyo tulivyopanda jukwaani. Mke wangu alikuwa ameketi mstari wa nne wa watazamaji, akaniambia baadaye, "Baba Joyce, nilidhani mmeambukizana jino."

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa ngoma na makofi, ukaenda vizuri. Wa pili ulikuwa wa Kinyarwanda, wa taratibu, na katikati yake nikaona nyuso za sauti ya kwanza zikikunjamana. Claudine akageuza shingo kumtazama Mama Furaha. Huyu Mama Furaha ni mama wa Goma anayekodisha spika na maikrofoni, na siku hiyo alikuwa anafanya kazi nasi kwa mara ya kwanza. Akainua mikono kama mtu asiyejua kitu.

Tulipomaliza, Ezra akaninong'oneza, "Umeusikia ule mluzi?"

Sikuwa nimesikia mluzi wowote. Lakini mtu anayeficha masikio hawezi kusema hakusikia, kwa hiyo nikasema, "Nimeusikia. Tena unaudhi sana."

Ukaja wimbo wa Kilatini. Ule huanza kwa sauti ndogo kabisa, ukumbi wote kimya, Claudine anatoa noti kwa mdomo, tunavuta pumzi, tunaingia. Akatoa noti. Mimi nikabana kiganja vizuri. Na sijui nini kilitokea, ila akina mama wa sauti ya kwanza walianza juu, juu sana, wakaacha noti ya Claudine wakafuata noti nyingine kabisa, na sisi wengine tukawakimbilia huko huko kama watu waliokosa basi, sauti ya tatu wakapasuka koo mmoja baada ya mwingine, hadi Claudine akashusha mikono na wimbo ukafa. Watu wa mstari wa mbele walikohoa kwa adabu.

Claudine akaenda mpaka kwenye meza ya vyombo, pembeni mwa jukwaa.

"Mama, spika zako zinapiga mluzi! Tumefanya mazoezi miezi mingi!"

"Mwalimu, vyombo byangu biko bien, bizima kabisa," alisema Mama Furaha. "Ile sauti inatokea huko kwenu."

"Kwetu? Sisi tuna filimbi? Zima, ufungashe. Tutaimba bila kurekodi."

Ndugu zangu, hapo ningeweza kukaa kimya. Lakini mimi ni mzee, na mzee akiona ugomvi miguu humpeleka yenyewe. Nikatoka kwenye mstari, mkono sikioni, nikamwambia yule mama kwa upole wa kichungaji, "Mama, kazi ya Mungu inataka vyombo vilivyoandaliwa vizuri." Akainama akaanza kuchomoa nyaya moja moja. Nami, kwa kuwa nilijisikia vibaya kidogo, nikageukia ukumbi nikasema tutulie tuombe. Wote wakafumba macho. Nikapaza sauti ya mahubiri.

"Ee Bwana, tunaviweka mbele zako vyombo hivi. Wewe unajua mluzi huu unatoka wapi. Ufichue, Bwana! Ufichue hapa hapa!"

Ukumbi ulikuwa kimya kuliko kimya. Nikaona nimegusa mioyo. Nikafumbua jicho moja ili nione, na nikaona kila mtu amefumbua macho yote mawili, ananitazama mimi. Nikadhani ni baraka. Nikabana kiganja zaidi, nikaendelea.

Mama Furaha alikuwa amesimama na nyaya zote mkononi, kama mtu aliyetoka kuchuma mboga.

"Papa," alisema taratibu, kama watu wa Goma wanavyomwita baba, "nimezima byote. Na mluzi ungali unalia. Ni kichwa yako."

"Amina," nikasema, kwa sababu sikumsikia vizuri.

Claudine akaja, akanishika kifundo cha mkono, akakishusha. Nasikia mluzi ulikatika papo hapo. Akakirudisha: mluzi. Akakishusha: kimya. Alifanya hivyo mara tatu, kama anathibitisha hesabu ubaoni, halafu akachungulia nyuma ya sikio langu, akasema "Mana yanjye," yaani Mungu wangu, na ukumbi mzima ukaangua kicheko ambacho hata mimi nilikisikia. (Joyce alinieleza nyumbani: ukikifunika kile kimashine, sauti inazunguka ndani na kinapiga mluzi mwembamba, mwembamba mno kwa masikio kama yangu. Hicho ndicho muuguzi alichokuwa anachezeshea mikono.)

Nilimwomba radhi Mama Furaha pale pale, mbele ya watu. Nikamwambia nimekisingizia chombo chake dhambi ya kiburi changu. Akasema, "Si neno, papa, lakini unisaidie kurudisha hizi nyaya," na nikainama nikamsaidia, nikiwa na suti yangu vilevile. Baadaye nikaanza kushuka ngazi za jukwaa, nikielekea kwa Mzee Silasi, maana nilijua yangu yamekwisha.

"Muzehe, unaenda wapi?" Claudine akaita.

"Kukaa na mlezi mwenzangu."

"Nimesema shusha mkono, sikusema ushuke wewe. Rudi mahali pako. Na nyinyi besi, acheni hayo masikio!"

Nikarudi. Akatoa noti, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikamsikia akivuta pumzi kabla ya kutuingiza, pumzi fupi, ya haraka, na nikaingia nayo. Niliingia sawasawa na wenzangu. Mpaka wimbo unaisha machozi yalikuwa yamelowesha kola.

Makofi yakilia, Ezra akaniinamia kwenye sikio lenye kimashine.

"Leo sikukugusa."

"Kunigusa kivipi?"

"Miaka miwili nakupiga kiwiko kila tunapoingia, Muzehe. Ulidhani nakusalimia?"

Kwa kweli nilidhani ni tabia ya mafundi cherehani. "Kwa hiyo mlijua?"

"Sote tunajua. Hata Mzee Silasi anajua, na yeye haoni."

Miaka miwili nilijificha kwa watu walionibeba waziwazi, wakinipa kiwiko kimoja kwa kila wimbo, na hakuna aliyewahi kulisema jambo hilo hadharani. Yule aliyelipeleka hadharani ni mimi mwenyewe, kwa sala. Mama Furaha sasa ndiye fundi wetu wa kila tamasha, na kabla ya kuwasha chochote huniuliza mbele ya wote, "Papa, mikono iko wapi?" Namwonyesha, yote miwili.

Basi nimeapa: sitaficha tena udhaifu ambao wapendwa wangu wameshauona, na sitaombea kasoro ya mtu mwingine kabla sijaulizia kama ni yangu. Nawe uliyesoma mpaka hapa, Bwana ailinde nyumba yako, akuzungushie watu wenye subira, na siku yako ya kuaibika itakapofika, aibu hiyo iwe ya kuchekesha. Amina.