Nukta ya Kumi kwenye Kigoda cha Mbuvi

Kavindu binti Mbuvi hajui kusoma, na hilo si siri pale Kasikeu. Mwaka ambao angeingia darasa la kwanza, baba yake alimpa fimbo na mbuzi kumi na wanane. Ndugu yake, Jonah, alikuwa tayari amepewa kaptura na kalamu. Jonah akawa mwalimu, akastaafu, akawa mzee wa kanisa. Kavindu akaolewa upande wa Kiboko, akafukuzwa baada ya miaka kumi na mmoja bila hata sufuria, akarudi kwao. Jonah akamwonyesha kipande cha shamba kule kwenye korongo, mahali ambapo mvua ikinyesha udongo huondoka pamoja na mbegu. Hayo yote Kavindu huyasema waziwazi, kwa sauti ile ile anayosemea kwamba leo kuna jua. Hajamsamehe mtu, hata baba yake hajamsamehe ile fimbo.

Lakini mtajie baba yake uone shingo yake inavyonyooka.

Yeye ndiye aliyemtunza mzee Mbuvi miaka tisa ya mwisho. Alimlisha, alimwogesha, na tangu utotoni alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwingine aliyeitaka: kusafisha kigoda chake. Kilikuwa kigoda cha miguu mitatu, cha mwanamume, na sehemu ya kukalia mzee alikuwa ameipamba mwenyewe kwa waya mwembamba wa shaba, akiugongelea ndani ya mti kidogo kidogo kama wazee wa Kikamba walivyofanya zamani. Mwanamke haketi kwenye kigoda kama hicho. Kukipaka mafuta ya mbarika, hilo halikukatazwa. Basi wanaume wa nyumba ile walikikalia, wakakipa mgongo, na Kavindu kila Jumamosi alikitazama uso kwa uso, huku baba yake akiwa kando akimweleza kila waya.

Mwaka jana watu wa Kasikeu waliamua kusimamisha jiwe sokoni, lenye majina ya wale walioenda vita vya Wazungu na Wajapani. Kamati ikaongozwa na mzee Kyule, mtu mwangalifu asiyependa jina liandikwe kwa kukisia. Jonah akapeleka jina la baba yake: Mbuvi, askari wa Keya, lile jeshi la Mwingereza la Waafrika, alipigana Burma. Hakudanganya kwa kusudi. Ukambani kila babu aliyeenda vita husemwa alikuwa Keya, Burma, na hakuna anayeuliza zaidi. Orodha za Keya zikatafutwa, Mbuvi hayumo. Baada ya ibada Kyule akatangaza kanisani kwamba jina hilo litaachwa, na kwamba fundi ataanza kuchonga baada ya wiki mbili.

Kavindu akasimama kwenye benchi la nyuma. Akasema hawangemwona kwenye orodha ile hata wakeshe, kwa sababu baba yake hakuwa Keya. Alikuwa baharia, na habari yote ameigongelea kwenye kigoda chake.

Watu walicheka. Mulwa, yule muuza nyama wa buchari, akageuka kabisa kumtazama. “Dada, Mkamba na bahari walijuana lini? Sisi hata kuoga tunaogea karai.”

“Wewe hilo karai ulilisahau, Mulwa,” Kavindu akamjibu. “Ndiyo maana tunakujua unakuja kabla hujafika.”

Kicheko kikahama upande. Lakini Jonah alikuwa ameaibika. Akawaambia wazee kwamba baba yao alipozeeka alikuwa akiongea na dada yake kama mtu anavyoongea na mbuzi, ili tu asiwe kimya, na kwamba haya ni mambo ya kutunga. Kyule akafikiri, kisha akasema ataitwa mtu anayejua meli. Kavindu akielezea akaaminika, Mbuvi ataandikwa. La sivyo, asisikike tena akilitaja jambo hilo.

Jumapili iliyofuata akaja Kanyi, mwenye duka la magurudumu pale Salama, aliyekuwa baharia wa serikali miaka ishirini na miwili. Jonah akaleta kigoda alichokirithi, akakiweka mezani. Kanyi akainama juu yake muda mrefu, kisha akamuuliza Jonah, kwa heshima, ile michoro ni ya nini. Jonah akasema ni mapambo.

“Mama,” Kanyi akamgeukia Kavindu, “wewe unasemaje?”

Kavindu akaweka kidole juu ya waya. Akasema misalaba hii mitatu ni ndege za Wajapani. Mistari hii miwili ni meli, meli ndogo za kutafuta mabomu yaliyotegwa majini, karibu na nchi ya Siam, majuma machache kabla ya vita kuisha. Ndege zile hazikuja kuangusha bomu na kurudi kwao. Zenyewe ndizo zilikuwa bomu, na aliyeziendesha alijua hatarudi. Ya kwanza ilikosa, ikazama. Ya pili ikaangukia meli ya jirani, ndiyo maana mstari huu umekatika katikati. Ya tatu iliwajia wao, na mzinga wao ukaipasua ikiwa karibu kiasi cha kuonekana uso wa mwendeshaji.

“Baba yako ndiye aliyepiga?”

“Hapana. Baba yangu alikuwa akimpa risasi aliyepiga.”

Kanyi akamuuliza walikuwa wakizitoa vipi, moja moja?

“Nne nne. Zimeshikana kwenye chuma, kama ndizi kwenye kichana. Sanduku lilikuwa limeshika moto na hakuacha kutoa. Viganja vyake viliungua hadi akazeeka anaipua sufuria bila kitambaa. Jonah amemwona akiipua. Hakuwahi kuuliza.”

Jonah akatazama chini. Kanyi alivua kofia yake akaiweka mezani.

Kisha akauliza kuhusu nukta zile tisa zilizopangwa pamoja, na ile ya kumi iliyo peke yake ukingoni. Kavindu akapeleka kidole kwenye zile tisa. Akasema tisa ni watu waliotolewa majini, kwenye mafuta yaliyomwagika kutoka meli ile ya jirani, baba yake akiwavuta kwa mikono ile ile. Wa kumi alimshika, na ngozi ya viganja vyake vilivyoungua ikatoka, na mtu akateleza akaenda.

“Hiyo aliigongelea mwisho,” akasema. “Aliniambia niisafishe sana hiyo.”

Kanyi akamwambia Kyule kwamba habari ya risasi nne nne haitungwi na mtu aliyeshinda na mbuzi. Kyule akaliandika jina. Jonah, kwa mazoea, akanyoosha mkono achukue kalamu atie sahihi ya shahidi, na Kyule akaipitisha karatasi mbele yake, akampelekea Kavindu pamoja na kidau cha wino. Kavindu akabonyeza dole gumba, polepole, kama anayeua kupe.

Musyimi fundi alipokuja kuchonga, Kavindu alisimama karibu naye. Fundi alipomaliza kuandika “Mbuvi, Baharia”, Kavindu akamwambia aongeze chini yake nukta tisa, na moja kando.

Jonah akamnong'oneza, “Kavindu, watu watauliza maana yake.”

“Waje waniulize,” akasema.

Jonah alibaki na kigoda, maana ni cha mwana wa kwanza, na huo ndio utaratibu. Kavindu hakumwomba. Siku za soko huweka mbaazi zake chini ya jiwe lile, mahali pale pale, na kabla ya kufungua gunia hupitisha kidole kwenye nukta zote kumi. Ya mwisho huisugua kwa kipande cha leso.